Mawaridi ya Siku ya Kazi

Nakuru, Alhamisi

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima, ila asubuhi za huku zina baridi. Wewe husema daima kwamba marashi ni ya Jumapili. Leo nimepata ya mawaridi, rahisi, mepesi kama bustani iliyotoka kunyeshewa. Bi Zuhura, mwenye duka, alinipaka tone mkononi, kisha akakataa kuniuzia. "Nenda sokoni kwanza, mwalimu. Marashi huamuliwa adhuhuri, baada ya jua na vumbi."

Sokoni, muuza viazi kutoka Molo aliacha kupima, akanusa. "Mwalimu, harusi ya nani leo?"

"Hakuna harusi, mama. Ni Alhamisi tu."

"Basi Alhamisi yako inaishinda Krismasi yangu!" Akausugua mkono wangu kwa wake, tukacheka.

Huenda mimi na yule mama tulidanganyana kuhusu harufu hii. Kwa hiyo nimedondosha tone kwenye kona ya kadi hii. Likinukia hata baada ya gari la moshi na mfuko wa posta, ukubali kujipaka Jumatatu ukienda shambani. Lisiponukia, nitakiri umenishinda, ingawa nimekwisha kurudi kwa Bi Zuhura kuinunua chupa yako.

Mungu akujalie Jumatatu zenye harufu ya Jumapili.

Bintiyo,
Rhoda