Njia Niliyoigeuza

Dada yangu,

Mimi mzima, isipokuwa goti. Barua nne hujajibu. Hii ni ya tano, na kuombaomba si tabia yangu.

Njia ya mbio za baiskeli nimeibadilisha. Sasa ni kilomita tisini na tatu, vilima kumi na kimoja, miji midogo mitatu, na haipiti tena darajani. Waendeshaji wananung'unika: "Mzee wa Ramani, kilomita tisa zote hizi ulizoongeza ni za nini?"

Unawaambia watu nilimuua mumeo, na mazishini ulinipa mgongo. Dada, ile njia niliipima mwenyewe kwa baiskeli, mara saba. Ila mara zote saba nilikuwa napanda. Mwaka ule niliigeuza ili mbio ziishie mjini, na mteremko wa darajani sikuwahi kuushuka. Asubuhi ya mbio mumeo aliniuliza, "Shemeji, huko chini kukoje?" Nikamjibu, "Wewe teremka tu, hakuna neno." Dakika arobaini baadaye akagonga ukingo wa daraja.

Hilo ulikuwa hulijui. Sasa unalijua, na jibu sitarajii tena.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe.