Chakula cha Saa Saba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wifi mzima, na wale wapwa wa uongo wanaoniita shangazi wakitaka zawadi tu nao wazima. Mwambie mkubwa kwamba picha aliyonichorea nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi, na kila anayeingia ananiuliza yule ng'ombe ni wa nani, nami nasema ndiye mimi. Kwa upande wangu afya ninayo. Usingizi ndio umenikimbia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu tunazo. Kwenye simu nakujua, ungeniuliza swali moja, nami ningekupiga chenga, nikuulize habari za mvua, mwisho tungeagana salama. Karatasi haina pa kukimbilia. Mdogo wetu ameniambia kwamba baba anakupigia kila jioni na wewe hupokei, wiki ya tatu sasa. Ameniambia umesema hutaongea naye mpaka akueleze kilichompeleka kuzurura siku ya chakula cha familia mbili, akaacha kiti chake wazi mbele ya wakwe. Kaka, baba hatakueleza. Mwenye maelezo ni mimi, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujakunja ngumi.

Nianze na harusi yenyewe, maana hukuiona. Wageni walikuwa tisini, na kwa siku tatu wote walikuwa mikononi mwangu. Unajua kazi yangu hapa hotelini ni kuwatafutia wageni cha kufanya ili wasikae wakihesabu mawimbi. Mdogo wetu alipoamua kuolewea hapa, msimamizi wangu alinikabidhi kila kitu, nami nikavimba kichwa. Nikachapa ratiba ya kila mgeni, nikaipitisha mwenyewe chini ya mlango wa kila chumba usiku wa kwanza. Nikagawa tepe za mkononi. Wenye bluu walikwenda kuogelea na miwani ya maji kuangalia samaki kwenye matumbawe, wenye njano walicheza mpira wa wavu mchangani, wenye kijani, yaani wazee na wenye magoti yao, waliwekewa viti ufukweni maji yawafike vifundoni tu. Wenye nyekundu ndio waliokwenda kwenye mnara wa taa ya meli.

Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Rafiki zake bwana harusi walipanda mitumbwi ya plastiki wakijifanya mabingwa, wakazunguka palepale nusu saa nzima kwa sababu kila mmoja alikuwa anapiga kasia upande wake. Baba mdogo alivaa miwani ya maji juu chini, akatoka akilalamika kwamba bahari yetu ina giza. Kulikuwa na mashindano ya kujenga nyumba za mchanga, na walioshinda ni wanawake wanne wa makamo waliokuja na mwiko wa jikoni, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu na choo. Shemeji mpya alishindwa vibaya na akakata rufaa. Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji na gauni lake la mchana.

Baba alifika siku ya kwanza mchana, amevaa ile suti uliyomtumia. Imemkaa, kaka, usiwe na wasiwasi. Alinionyesha karatasi ya yale maneno mliyokuwa mkiyafanyia mazoezi kwenye simu, yale ya kumsemea na marehemu mama. Alikuwa ameikunja mara nne akaitia mfuko wa ndani, na kila baada ya muda anaugusa kuona kama ipo. Hakuniuliza habari za vyakula wala chumba. Aliniuliza tu kama mezani kutakuwa na kelele, kwa sababu sauti yake siku hizi ni ndogo.

Kuhusu siku ya pili unayajua ya upande wako. Uliomba ruhusa kazini saa nzima. Simu yangu niliiegemeza kwenye jagi la maji ili nawe uwe mezani na wale watu kumi na wawili, na saa saba ilipofika ukaona kiti cha baba kitupu. Tulisubiri. Baba yake bwana harusi alisema pale kwamba hana haraka, akakataza chakula kisipakuliwe mpaka mwenzake afike, na supu ikapoa. Saa nane kasoro baba mdogo akasimama akasema maneno yake ya ualimu mkuu, ya nidhamu na ushirikiano, watu wakapiga makofi. Mdogo wetu alikuwa anaukunjakunja ukingo wa kitambaa cha meza. Ndipo wewe ukaniuliza kwenye simu baba yuko wapi, nami nikakuambia amekwenda mnarani na maji yamejaa, halafu nikaongeza kwamba unamjua mzee wako.

Nilisema hivyo, kaka. Unamjua mzee wako.

Sasa nikueleze habari ya mnara. Ukisimama ufukweni unauona karibu, lakini katikati kuna njia ya mwamba inayopitika maji yakipwa tu. Yakijaa, mnara unakuwa kisiwa, na aliyeko huko anakaa huko. Jedwali la maji limebandikwa ukutani mbele ya uso wangu. Nalijua kuliko ninavyojua namba yako ya simu. Siku zote nawapeleka wageni alfajiri, na kabla ya chai ya asubuhi wamerudi. Siku ile niliisogeza safari mpaka saa moja na robo, muda ambao watu wanavuka kwenda na hakuna wa kuvuka kurudi mpaka saa kumi na nusu jioni. Nikaiita matembezi ya kutwa. Nikawafungia wageni watatu waliopenda kupiga picha chakula chao cha mchana, nikampa kiongozi wa matembezi maji ya kutosha na mwavuli, halafu nikaenda chumbani kwa baba na utepe mwekundu. Nikamwambia chakula cha familia kimesogezwa hadi jioni, kwa hiyo asikae bure, akaone mnara. Aliniangalia kidogo. Akaniuliza kama upepo wa huko ni mkali. Nikasema si mkali, nikamfunga utepe mkononi kwa mikono yangu.

Utauliza alinikosea nini. Hakunikosea kitu. Jioni iliyotangulia, wageni wakipokewa kwa vinywaji pale ukumbini, shangazi yake bwana harusi alikatika mkanda wa kiatu. Ni mama mmoja mrefu, ametoka mbali, na upande wetu hakuwa anamjua mtu. Unamjua baba, anawaona watu miguu kabla ya uso. Kabla sijafika alikuwa ameshapiga goti na suti yako, ametoa sindano na uzi mfukoni, kiatu cha yule mama mkononi, anashona na anavuta uzi kwa meno. Watu walikuwa wanatazama. Msimamizi wangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, na pale kazini, kaka, nilishawaambia siku nyingi kwamba baba yetu ana maduka ya viatu. Kile kibanda kilichotusomesha sote watatu nilikifanya maduka.

Yule shangazi akafurahi sana, akanigeukia akauliza kama hoteli yetu ina fundi wake. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo, mama, ni fundi wetu wa hapa.

Baba alikuwa chini, si hatua mbili kutoka kwangu. Alinyanyua macho, kisha akayarudisha kwenye kiatu, akafunga fundo. Akamvalisha yule mama mguuni, akamwambia kiko tayari na hakuna malipo, kwa ile sauti yake ya kibandani. Halafu akasimama, akapangusa magoti, akatoka kwa mlango wa wahudumu. Hakutumia mlango wa wageni. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini hata wakati huo nilichokuwa nawaza ni kwamba kesho, kwenye meza ya watu kumi na wawili, shangazi atakaa uso kwa uso na fundi wa hoteli na ataambiwa ndiye baba wa bibi harusi. Usiku ule ndipo nilipoisogeza saa ya safari ya mnara.

Aliporudi jioni suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Mdogo wetu alikuwa amevimba macho. Mbele yake, mbele ya wakwe na mbele ya baba mdogo, baba akaomba radhi, akasema kosa ni lake, alinogewa na mandhari akasahau maji. Baba mdogo akamsema kama mwanafunzi aliyechelewa mstari. Nilikuwa pale, nimeshika trei ya glasi ambayo hakuna aliyeniomba kuishika.

Siku ya tatu alimwingiza bibi harusi ukumbini vizuri, taratibu, mabega yamesimama. Baadaye alipita akiwasalimia wakwe, na alipofika kwa yule shangazi akamwuliza kama kiatu kinamsumbua. Yule mama akamtazama. Akaitazama mikono yake, akamtazama mdogo wetu, halafu akanitafuta mimi kati ya watu wote wale mpaka akanipata. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akainama hata akamzidi kuinama. Tangu siku ile nikifumba macho namwona ananitafuta.

Baada ya hapo yule kiongozi wa matembezi, naye hajui lolote, alinisimulia kwamba mzee wa mnarani aliwafurahisha. Anasema saa saba ilipofika mzee alivaa koti lake, akatoa karatasi, akawaomba wale wapiga picha watatu wamvumilie kidogo kwa kuwa ana maneno ya mtoto wake anayeolewa. Akasoma. Alipofika penye maneno ya mama alinyamaza sana, wakadhani amemaliza, wakampigia makofi, akakaa.

Nilikwenda chumbani kwake usiku huohuo nikamkuta anafunga begi. Nikalia, nikamwambia kwamba nilimdanganya saa ya chakula. Akaendelea kukunja shati. Akaniambia alijua. Ratiba yenye saa saba mchana alikuwa nayo, kwa sababu niliipitisha mwenyewe chini ya mlango wake, na katika kuhangaika kwangu nilisahau kuiondoa. Aliisoma mara mbili kabla sijabisha hodi na utepe wangu. Nikamwuliza kwa nini basi alikubali kwenda. Akasema nilishamwambia yule mama kwamba yeye ni fundi wa hoteli, na angekaa mezani ningeonekana mwongo mbele ya wakwe wa mdogo wangu na mbele ya wakubwa zangu wa kazi. Akasema kusubiri maji yapwe si kazi ngumu. Kisha akaniapisha nisikwambie wewe, maana una hasira za upesi na mimi ndiye wa kike niliyebaki ambaye sijapata mume wa kunitetea.

Nikaapa. Na wiki hizi tatu nimekitunza kiapo hicho vizuri sana, kaka, kuliko nilivyotunza kitu chochote cha baba, kwa sababu kilinifaa. Hasira zako zilikuwa zimemwangukia yeye, nami nilikuwa nakula na kwenda kazini. Ningekaa hivyo hata mwaka. Mdogo wetu aliponiambia kwamba baba sasa anakupigia, anaacha iite mpaka ikatike, halafu anasema pengine uko zamu, ndipo niliposhindwa.

Kwa hiyo mpigie. Usingoje jioni yeye ndiye akupigie. Mpigie wewe kwanza, na usimwambie kwamba nimekuandikia mpaka mmalize kuongea. Mwombe akusomee ile karatasi yote. Mdogo wetu nitamwambia mwenyewe Jumapili, nimeshamwomba aje peke yake, na kazini nimeshawaambia baba yangu ni fundi viatu na ana kibanda kimoja. Msimamizi alisema sawa, akauliza kama anaweza kumletea buti zake. Yaani hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Ukishaongea na baba, ukitaka kunipigia mimi nipigie. Nitapokea, na sitakupiga chenga. Usipotaka, nitaelewa pia.

Nisalimie wifi sana, umwambie kitambaa alichoagiza nimekipata. Wabusu watoto. Mungu awalinde nyote, nami anipe uso wa kuwatazama tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku