Ulezi Katika Unga wa Ba

Jumatatu, 3 Mei 1943

Mkate umepasuka tena. Wa kwanza ukingoni, wa pili katikati, wa tatu ukang'ang'ania kitambaa. Mama mkwe, Ba kama tunavyomwita, alikula kipande cha upana wa vidole viwili akasukuma sahani. Afadhali angenigombeza.

Uwele uliobaki haufiki nusu debe. Ngano hatujaiona tangu Februari. Meli haziji, vita vimezila. Bwana, mume wangu, anasema hata Mbeya maduka ya Wahindi wenzetu yanauza chumvi na viberiti tu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Baba alijua kupika wali, basi. Hakuna aliyenifundisha mkate.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea Tabora, na kwa sababu Ba hawezi kukisoma. Sababu ya pili ndiyo kubwa.

Alhamisi, 6 Mei

Bangili za Ba zinateleza mpaka kiwikoni akiinua mkono. Mwaka jana zilimbana.

Leo Bwana amesema wazi. Mama yake asipopata nafuu kabla ya mwisho wa Juni, atafunga duka hapa Mlowo tuhamie Dar es Salaam kwa kaka yake. Huko kuna madaktari, hekalu, watu wa kwetu.

Sitaki. Nimeandika, sasa limetoka. Kule nitakuwa mke mdogo kuliko wote, wifi watatu juu ya kichwa changu. Hapa nina jirani mmoja nyuma ya duka, Mama Ruti. Mimba yangu ilipoharibika, ndiye aliyekaa nami siku nne, shamba lake likimngoja.

Nikasema tutumie ulezi. Soko limejaa, ndiyo kwanza wanavuna. Ba akasema, "Hiyo si nafaka ya nyumba hii." Akainuka kwa shida, akaenda zake. Bwana anadhani ni kwa sababu watu wanaupikia pombe.

Jumamosi, 8 Mei

Bwana ameondoka na lori kwenda Tunduma, kisha avuke mpaka hadi Abercorn kutafuta unga na sukari. Wiki tatu, kama barabara itakubali.

Mchana nimepenya kwa Mama Ruti. Alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe, anasaga. Anasema kwao Wanyiha ulezi ndio unaomwinua mama aliyejifungua na mtu aliyetoka kuugua. Yeye hapiki pombe, ni Mmoravian, anapika togwa na uji. Alinipa jiwe nijaribu. Nikamwaga zaidi ya nilichosaga. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Nimerudi na vibaba viwili chini ya mtandio.

Jumanne, 11 Mei

Nimefanya.

Kibaba cha uwele, kibaba cha ulezi, mtama nusu, mchele kidogo, konzi ya dengu. Kitunguu, manjano, pilipili, chumvi. Maji ya moto. Haukupasuka. Ulitoka mweusi kama udongo wa shamba jipya.

Nilimwambia Ba kwamba ni uwele wa chini ya debe, umekaa sana, umebadilika rangi. Alitia tonge la kwanza, akaacha kutafuna kidogo. Akaniangalia. Kisha akaendelea. Mikate miwili!

Nimemdanganya mwanamke mzee juu ya kilichomo kinywani mwake. Nimefurahi na nimejichukia. Vyote viwili.

Jumapili, 16 Mei

Mitatu jana. Mitatu leo, na mtindi. Ba ametembea mwenyewe hadi barazani, akakaa juani na shali lake. Mama Ruti alipita kutoka kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi. Ba akamwitikia kwa kichwa. Miaka mitano hajawahi.

Nimepunguza uwele, nimeongeza ulezi ninaopewa na Mama Ruti. Sasa ninaposema "ni uwele" ulimi haukwami. Hilo linaniogopesha kuliko lile la mwanzo.

Ijumaa, 21 Mei

Kumeharibika.

Mama Ruti alikuja asubuhi na kapu la ulezi mpya, zawadi kwa Ba. Sikuwahi kumwambia kuwa ni siri. Niliona aibu kumwambia. Akaliweka mbele ya Ba barazani, akanigeukia akitabasamu. "Mwambie ni ule ule anaokula kila siku, ila huu umetoka shambani juzi."

Kiswahili cha Ba ni cha dukani, lakini "ule ule" na "anaokula" anavijua. Alitia mkono kapuni. Akaziacha punje zipite katikati ya vidole. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sahani ya jioni imerudi kama ilivyokwenda.

Jumamosi, 22 Mei

Maziwa tu. Nilishika miguu yake nikaomba radhi. Akaivuta miguu.

Jumatatu, 24 Mei

Siku ya tatu. Maziwa, na ndizi nusu. Yote niliyopata kwa siku kumi yamepotea kwa siku tatu. Mashavu yameingia ndani.

Dereva aliyetoka Tunduma ameleta salamu. Bwana anafika Jumamosi. Akimkuta mama yake hivi tutaondoka, na atakuwa na haki.

Nilikwenda kumweleza Mama Ruti yote, kwa nini kapu lile lilimfanya Ba afunge mlango. Nilitegemea anihurumie. Aliendelea kupepeta. Mwisho akasema, "Kwa hiyo chakula chetu ulikuwa unakificha."

Nimewakosea wawili.

Jumanne, 25 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimeamka, nikasikia ungo. Ba alikuwa jikoni, amekaa sakafuni, kapu la Mama Ruti kando yake, anapepeta. Mwanamke ambaye jana alishindwa kuinua kikombe. Nikasimama mlangoni. Akaokota punje chache, akaniwekea kiganjani, akasema neno moja, "Nagli." Ndilo jina la ulezi kwao.

Kisha akazungumza, macho kwenye ungo. Sikuthubutu kukaa.

Hakuzaliwa mjini Surat, kule India, kama tunavyoamini sote. Alizaliwa milimani, kijiji cha mvua nyingi. Baba yake alikuwa maskini na nagli ndicho chakula walichokuwa nacho, asubuhi na jioni. Alipoolewa kwa wafanyabiashara alifika na mikate ya njiani, myeusi, imefungwa kitambaani. Mawifi wakaifungua. Walicheka mwaka mzima. Mla nagli, ndilo jina walilompa, mpaka alipozaa mtoto wa kiume. Tangu hapo hakutaja kijiji wala kugusa nafaka hiyo. Miaka thelathini na minne.

Nikamuuliza kama ulimi wake haukuutambua. Akasema, "Nilijua kwenye tonge la kwanza. Nilikula kwa sababu hakuna aliyeutaja. Jirani alipoutaja, nikawa tena yule msichana anayechekwa."

Akaongeza kwamba siku hizi tatu hakunikasirikia mimi. Kidogo tu, akasema. Kwa uongo.

Nililia. Yeye hakulia. Aliniagiza kuni.

Kumbe nilikuwa nakosea tangu mwanzo. Nafaka hazisagwi mbichi. Kila moja hukaangwa peke yake, kavu, kwa moto mdogo. Ulezi mpaka unukie. Dengu mpaka zipate madoa. Mchele, mtama, choroko. Giligilani na bizari nzima mwisho, haraka, maana huungua ukipepesa jicho. Alinizuia mkono mara tatu. Nyumba nzima ikanukia kitu nisichokijua, na mimi nikaona njaa ambayo sijawahi kuiona.

Kusaga, akasema twende kwa jirani. Aliniegemea begani, tukapita pengo la uani. Mama Ruti akainuka. Ba akakutanisha viganja mbele ya kifua, akainamisha kichwa, akabaki hivyo muda mrefu. Kisha akaniambia nitafsiri. "Mwambie mama yangu alisaga hii hii."

Nikatafsiri. Mama Ruti akamtazama, akamshika mikono yote miwili. "Karibu, mama." Akampisha kwenye jiwe.

Ba alisaga konzi mbili tu, nguvu zikaisha. Lakini mikono yake haikumwaga hata punje. Mama Ruti akamaliza. Nami alinipa ungo nishike. Hajanisamehe vizuri. Lakini alinipa ungo.

Mkate wenyewe hupigwapigwa kwa vidole juu ya kitambaa kibichi, hutobolewa tundu katikati, tundu likatiwa samli. Haukupasuka hata mmoja. Mmoja tulimpelekea Mama Ruti ukiwa moto. Ba alikula miwili. Aliula ulivyo mweusi, akijua kwamba nami najua.

Alhamisi, 27 Mei

Nimepiga mwenyewe mikate minne. Ba alisimamia kwa macho tu. Mmoja mnene upande mmoja. Akaula huo.

Jumamosi, 29 Mei

Bwana amefika saa tisa, matope mpaka magotini. Unga hakupata. Sukari kidogo, mafuta ya taa.

Ba mwenyewe alimwekea sahani. Bwana akauliza huu ni mkate gani. Ba akamwambia jina la nafaka. Kisha jina la kijiji chake, na jina la mto unaopita chini yake. Mimi nilibaki jikoni, nikasikia.

Bwana akamwomba alitaje tena jina la mto, polepole. Akalirudia. Akala.

Habari ya Dar es Salaam haikutajwa. Mwisho wa Juni bado mwezi mzima, na Ba anakula.

Nimeosha sahani. Nje ukungu umeanza kushuka. Ba amelala mapema, kiubavu, mkono chini ya shavu.