Siku Tuliyoanza Kuchagua Umeme

Yaya wangu mpendwa,

Tangu uhamie huko mbali, majirani hawapiti mlangoni bila kuuliza, "Dada yako mkubwa anasemaje?" Nawajibu kwamba uko salama na baridi unaizoea. Leo nataka nikupe habari za duka letu la mikate.

Unaikumbuka asubuhi ya arusi ya binti wa mchungaji? Wakati ule mstari wetu wote wa maduka hapa kambini Dzaleka ulinunua umeme kwa mtu mmoja, mwenye jenereta. Alikuwa amepandisha bei tena, nawe ukamwuliza sababu mbele ya watu. Akakata waya wetu, unga ukiwa umekandwa nusu ndani ya mashine. Mimi nililia. Wewe ulikunja mikono ya blauzi, ukasimama mlangoni ukaita, "Bantu ya Mungu, mukuje na mikono safi!" Wakaja: kinyozi, muuza soda, hata yule mama Mwislamu wa Kindu anayeuza vitenge. Tulikanda mpaka mabega yakawaka moto. Mikate ilifika kabla ya bibi arusi.

Jioni ulituambia, "Huyu anajua hatuna kwa kwenda. Basi njo tutafute kwa kwenda."

Tukapanda minibasi, wewe, mimi na kinyozi, hadi Area 25 mjini Lilongwe, kwa fundi anayekodisha sola. Alikuwa bado anasifia paneli zake ulipomkatiza: "Wingu ikikaa juma nzima, tutafanya nini? Ikiharibika, nani atakuja? Na tukichoka na we, tunatoka namna gani?" Akacheka, akasema swali la mwisho hajawahi kuulizwa. Hukuinuka kitini mpaka alipolijibu. Kwa kuwa maduka manne tulikodi pamoja, alitupunguzia. Tulirudi pia na mtungi wa gesi wa tanuri, nawe umeukumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Juma lililofuata mwenye jenereta alikuja mwenyewe na bei mpya, ya chini, na muhogo mkononi. Ulimkaribisha chai. Nilishangaa, lakini sasa nakuelewa.

Maana mwezi uliopita mkataba wa sola uliisha. Fundi akaja na bei nzuri, ila alitaka tujifunge kwake miaka mingi, tusinunue kwa mwingine. Majirani wakanitazama mimi, Yaya. Mimi! Nikasema, "Zikomo, bwana, tunashukuru, lakini tutachukua mwaka mmoja. Na siku za mvua tutanunua kwa mwenye jenereta."

Alinuna. Akatoka nje, akapiga simu, akazunguka gari lake. Kinyozi akanong'ona, "Umemukimbiza." Nikaendelea kupanga mikate. Fundi akarudi, akasema, "Haya, mwaka mmoja."

Basi sola inatuendesha, jenereta inatuokoa mawingu yakikaa, na gesi siinunui Lilongwe kabla sijauliza kwa wauzaji wawili. Kinyozi ameongeza kiti cha pili. Mama wa Kindu amenunua friji, sasa anauza barafu.

Ulipoondoka nilidhani duka litakufa mikononi mwangu. Halikufa. Sikuandikii ili ujute kwenda, Yaya, nakuandikia upumzike. Hukuniacha bila kitu. Uliniacha nikijua kuuliza.

Kula vizuri, vaa soksi mbili. Mkate umeiva na watu wanagonga.

Mdogo wako, ambaye siku hizi watu wanamwita Mama Mikate