Kondoo wa Akika Asipewe Ndizi

Assalamu aleikum Baba,

Kondoo wa akika ya mtoto wa kaka ni mgonjwa. Nimeenda Matungu kununua dawa. Nitarudi kabla ya adhuhuri. Mpeni nyasi kavu na maji tu, mahindi hapana. Magadi nimeshamnywesha.

Alfajiri nimemkuta amelala, anasaga meno, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Zile ndizi mbivu ulizommwagia jana zina sukari nyingi, na tumboni mwake zimechacha zikawa asidi. ~~Ungeniuliza kwanza.~~ Nilikuwa mlangoni na nilijua, ila niliona haya kukusahihisha mbele ya wajomba. Ungesema tu, "Haya, daktari wa kondoo amefika!" nao wangecheka.

Mama mtoto asiambiwe bado. Chai iko kwenye chupa.

Najua Baba mdogo Farouk atataka achinjwe sasa hivi, asije akafa kibudu. Tafadhali mnisubiri. Akianza kucheua atapona, na siku ya saba ni keshokutwa.

Kisu msikitafute. Nimekibeba.

Shangazi wa mtoto