Barua Iliyojaa Salamu

Mjukuu wangu Maimuna,

Salamu zako zimefika. Huku Mombasa tu wazima, ila mguu wa shangazi yako bado umevimba. Umeniuliza umwandikie vipi mwenye duka aliyekuuzia friji bovu. Usiandike kama nilivyoandika mimi.

Tulikuwa bado tunaishi kisiwani Chovai, kabla hatujakimbilia huku. Babu yako alinunua mashine ya boti Kismayo, ikaharibika wiki ya kwanza. Mimi ndiye niliyejua kuandika. Kwetu ni aibu kumlaumu mtu kabla ya kumjulia hali, basi nikamsalimu tajiri aliyetuuzia, mamake na wanawe, nikawaombea afya. Mwisho kabisa nikasema mashine inasumbua kidogo. Akanijibu kwa salamu nzuri na kopo la halua.

Babu yako alicheka, akasema kwa lugha yetu ya kisiwani: "Mchu akisoma haya atadhani wamposea bintiye!"

Nikaandika upya: siku tuliyonunua, kilichoharibika, na ninachotaka, mashine nyingine kabla ya mwezi kwisha. Risiti nikaibana ndani. Kabla sijapata wa kuipeleka, vita viliingia Kismayo, duka likachomwa.

Vita vilipofika kisiwani, siku ya kukimbia, mashine za wenzetu zilinguruma. Yetu ilinyamaza. Jirani alinipakia mimi na mamako botini mwake, nafasi ikaisha. Babu yako alibaki akivuta kamba ya mashine, na sikumwona tena.

Barua ile ninayo hadi leo, na risiti yake. Sina wa kumpelekea.

Wewe mwandikie mwenye duka leo, mwanangu. Salamu mstari mmoja tu. Duka lake bado lina mlango.

Bibi yako,
Mwanaesha