Kiti cha Mzee Ishengoma

Izigo, 14 Mei 1961

Baba Klaudia,

Mvua bado inanyesha na kahawa imeanza kuiva. Wakulima wanauliza ni nani atainunua, kwa kuwa wewe umeacha biashara ukawa waziri.

Tulimzika baba yako Jumatatu, kwenye kibanja chake. Matanga yalipoisha, ukoo ulitaka kumkalisha mrithi kwenye kiti cha marehemu. Niliwasomea telegramu yako kwamba una kikao. Baba mdogo Rwegasira akacheka: “Waziri ana nchi nzima, migomba hii ya nini?” Akakaa yeye, wakampigia makofi.

Anataka nihame na watoto kabla ya mavuno. Kwa kuwa hukutuita Dar es Salaam, tutakwenda kwa kaka yangu, Kahororo. Ukiandika, andika huko.

Mkeo,
Immakulata